Moteri Ikigonga, Usiinyamazishe

Barua zinatoka Kasongo mjini, Wamaza, Kabambare na Salamabila. Nyingine zimepitia Samba mikononi mwa abiria wa treni. Karibu zote zinahusu moteri za mazutu zilizozeeka: za kusaga mihogo, za kukoboa mpunga, za kusaga mawe ya dhahabu, na zile kubwa zilizong'olewa kwenye klark, yaani foklifti, zikafungwa kwenye kazi nyingine. Maswali ya kubadili filta na kupima mafuta kwa kijiti nimeyaacha. Asiyejua hayo amuulize jirani kabla hajawasha tena. Hapa najibu yale yanayoniudhi, na yale yanayonitia hofu kwa mali za watu.

"Moteri yangu ya silinda moja ilianza kugonga chini. Fundi alimwaga mafuta ya namba 40 akaweka ya gia, namba 140. Mlio umepungua sana. Je, imepona?" (Mama mwenye mashine ya kusaga, Kasongo)

Haijapona, mama. Mlio umepungua na ugonjwa umezidi. Barua kama yako ninazo nyingi kutoka pande zote mbili za mto Luama, kwa hiyo nitaieleza habari hii hadi mwisho, na sitaki kuulizwa tena.

Kati ya vilbrekini na kusineti za biele kuna nafasi ndogo mno, sehemu chache tu za mia za milimita. Pompa inasukuma mafuta humo, na vilbrekini inazunguka juu ya utando wa mafuta bila chuma kugusa chuma. Kusineti ikilika, nafasi inapanuka. Mafuta yanakimbilia pembeni kabla hayajabeba uzito, na kila pistoni inaposukumwa chini, biele inapiga. Huo ndio mlio uliousikia. Mafuta mazito yamejaa kwenye ule uwazi yakapunguza kishindo, lakini uwazi wenyewe uko palepale na unaendelea kukua.

Asubuhi moteri ikiwa baridi, mafuta ya 140 hayapandi upesi. Pompa inahangaika nayo, presha inakuwa kubwa, vali ya usalama inafunguka na kuyarudisha kwenye karter. Ukitazama mita ya presha, au kile kidude chekundu kinachopanda kwenye moteri za Kichina, unaona kila kitu kizuri. Huku juu, supapi na vyuma vyake vinasuguana vikavu. Mita inakuonyesha jinsi mafuta yanavyokataa kupita, na chuma kinaokolewa na mafuta yanayopita. Tena mafuta yanayotembea polepole hayabebi joto, kwa hiyo kusineti iliyokwisha choka sasa inaungua.

Halafu kuna hili la namba. Watu wanaamini kwamba 90 ya gia ni nzito zaidi ya mara mbili kuliko 40 ya moteri. Namba hizo zimepimwa kwa vipimo viwili tofauti: SAE 90 ya gia ina uzito unaokaribiana na SAE 40 au 50 ya moteri. Anayemwaga 90 hapati hata huo uzito anaoutafuta. Anachopata ni dawa za salfa na fosforasi zilizotengenezwa kwa ajili ya meno ya gia, ambazo kwenye joto la moteri zinaweza kula bushi ya shaba ya biele. Anakosa pia dawa ya kusafisha masizi iliyomo katika mafuta ya moteri za mazutu. Ya 140 ni nzito kweli, na ndiyo inayochelewa zaidi kufika inapohitajika.

Mlio wa kwanza ulikuwa unadai jozi moja ya kusineti. Ukiendelea hivi, kusineti itashika, itazunguka ndani ya biele na kuichimba vilbrekini. Hapo utaifunga kwenye gunia isafiri hadi Bukavu au Lubumbashi ikachongwe, ipunguzwe 0.25, 0.50 au 0.75 mm, kisha utafute kusineti za kipimo hicho hicho. Watu wameuza mashamba ya mpunga kwa safari hiyo.

Mwaga mafuta hayo leo yakiwa bado ya moto, uyachuje kwa kitambaa cheupe. Ukiona chembe zinazong'aa, za rangi ya shaba au ya fedha, usiwashe tena hadi kusineti zifunguliwe na kupimwa. Ukikuta kitambaa ni safi, weka 15W-40 au 40 kama kitabu cha moteri kinavyosema, na ufanye majaribio nitakayoyaeleza mbele. Na fundi anayelipwa kwa kuzima mlio bila kufungua chochote, usimwite tena.

"Kesho ni siku ya soko. Naweza kusaga hadi jioni ndipo nizime?" (Wamaza)

Zima sasa.

"Nitapata wapi kitabu cha kutengenezea klark ya zamani?" (Barua kutoka Kabambare, Salamabila na Kasongo, nimezijibu pamoja)

Mnaniandikia "klark ya manjano", "Toyota ya zamani", "ile iliyonunuliwa mnadani". Kwa maneno hayo hakuna mtu duniani atakayewapatia kitabu sahihi. Rangi hupakwa. Jina la ubavuni ni la mashine nzima, na moteri iliyo ndani mara nyingi ni ya kampuni nyingine, au ilikwisha badilishwa na mwenye mashine wa kwanza.

Chukua brashi na mazutu, safisha kibati cha mashine na ubavu wa bloku. Namba zilizogongwa kwenye chuma zipake chaki kisha uifute kwa kiganja. Chaki itabaki ndani ya herufi na utazisoma vizuri. Piga picha ukiwa umezielekea sawasawa, mchana, bila mwanga wa simu.

Ukishapata namba, zisome kwa utulivu. Toyota 5FD25 ni kizazi cha tano, F ni foklifti, D ni moteri ya mazutu, na 25 ni uwezo wa kubeba tani 2.5. Moteri yake ina jina lake, kwa mfano 1DZ, na kitabu cha moteri ya Toyota hutoka peke yake mbali na kitabu cha mashine. Ndiyo maana wengi wenu mnanunua kitabu kimoja mkalalamika kwamba hakina habari za pistoni. Foklifti nyingi za TCM zimefungwa Isuzu C240. Hapo kitabu cha Isuzu ndicho cha kutafuta. Perkins 4.236 ni silinda 4 na inchi za ujazo 236, karibu lita 3.87, na namba yake ya bloku kwa kawaida huanza na LD. Moteri hiyo imefungwa kwenye foklifti za majina mengi, na pia kwenye baadhi ya trakta za Massey Ferguson. Kwa hiyo kitabu cha trakta kinachozagaa kila mahali kina sura ya moteri itakayokufaa, hata kama hujawahi kumiliki trakta. S195 ya Kichina ni silinda 1 yenye kipenyo cha mm 95.

Vitabu ni vitatu. Kuna cha mwendeshaji, kinachosema vidanji ifanywe lini. Kuna cha vipuri, chenye michoro na namba za kuagizia. Na kuna cha fundi, chenye vipimo. Wauzaji wa simuni wanawatumia cha kwanza kwa bei ya cha tatu. Kabla hujatuma pesa kwa simu, mwambie akupigie picha ya ukurasa wa yaliyomo na ukurasa mmoja wa jedwali la vipimo. Akikataa, hana.

Mkipata kitabu, msikiache ndani ya simu ya mtu mmoja. Peaneni kwa Bluetooth na kadi ya kumbukumbu, kwa maana mtandao wetu mnaujua. Kurasa nne zichapishwe na kufungwa kwenye plastiki: nafasi za supapi, nguvu ya kukaza bolti, njia ya mafuta, na alama za gia. Kikiwa cha Kiingereza au cha Kichina, jedwali la milimita linasomeka na fundi yeyote aliyefika darasa la sita.

"Moteri yangu ina silinda nne. Nitajuaje ni ipi inayogonga?" (Kabambare)

Anza kwa kusikia mwendo wa mlio. Moteri hizi ni za mipigo minne, kwa hiyo kila supapi inafunguka mara 1 kwa mizunguko 2 ya vilbrekini. Mlio mwepesi wa juu unaokwenda nusu ya mwendo wa volani ni wa supapi. Zipime moteri ikiwa baridi au moto kama kitabu kinavyotaka. Kwa Perkins 4.236 ni 0.30 mm baridi. Kwa S195 ni 0.35 mm ya kuingiza hewa na 0.45 mm ya kutoa moshi, baridi pia. Mlio mzito wa chini unaokwenda sawa na volani unatoka kwa biele au pistoni. Ukiwa mkubwa asubuhi na kupungua moteri ikipata moto, pistoni inapiga ukuta wa silinda. Ukizidi joto linapopanda na mafuta kuwa mepesi, shuku kusineti.

Kisha, moteri ikizunguka polepole, legeza nati ya bomba la enjekta moja, sikiliza, kaza, nenda kwa inayofuata. Silinda ambayo ukiikatia mazutu mlio unapungua ndiyo yenye shida. Mlio usipobadilika kwa silinda yoyote, tafuta kwenye supapi, gia za mbele, au pompa ya maji.

Sasa nisikie vizuri: funika nati kwa kitambaa kinene na usiweke kidole karibu na mazutu inayoruka. Enjekta inafanya kazi kwa presha ya zaidi ya ba 100. Mazutu hiyo inapenya ngozi, na tundu lake ni dogo kiasi kwamba mtu anafuta mkono na kuendelea na kazi, kisha mkono unaanza kuoza ndani. Ikikutokea, nenda hospitali saa ile ile hata kama huumwi, na umwambie daktari ni mazutu ya presha. Usipake kitu chochote cha kienyeji.

"Moteri za Kichina zote hugonga, kweli?"

Uongo. S195 ina mihimili miwili ya kusawazisha mtikisiko, yenye alama kwenye gia zake. Fundi akiifungua na kuirudisha bila kulinganisha alama, inatikisika na kupiga kelele kuanzia siku hiyo, halafu lawama anabebeshwa Mchina.

Kabla hujafungua hata bolti moja ya moteri ya silinda moja, angalia volani. Klaveti yake ikilegea, inagonga kwa mlio ule ule wa biele, na nimeona moteri nzima zikifunguliwa kwa sababu ya kichuma cha urefu wa kidole. Chora mstari wa chaki unaopita kwenye mhimili na volani, washa dakika tano, zima, tazama. Mstari ukikatika, kaza nati kuu au ubadilishe klaveti. Fanya hivyo hivyo kwa puli ya mkanda.

"Klark inalia sana nikiinua mzigo, ila moteri haina shida." (Mwenye duka la mzigo, Kasongo)

Umejijibu nusu. Mlio unaotokea ukivuta mkono wa kuinua tu ni wa pompa ya haidroliki: mafuta yamepungua, au chujio la tangi limeziba, au bomba la kunyonya linavuta hewa. Ukiona povu kwenye tangi, ni hewa. Teremsha uma hadi chini ndipo uongeze mafuta, na mtu yeyote asipite chini ya uma ulioinuliwa, iwe una mzigo au hauna.

"Tunachanganya mazutu na esansi kidogo, au mafuta ya taa, ili itoshe. Tangu hapo inagonga." (Salamabila, barua kadhaa)

Acheni. Esansi inachelewa kuwaka ndani ya silinda ya mazutu, kisha inawaka yote kwa pamoja, na pigo hilo ndilo mnalolisikia. Isitoshe, pompa ya enjekta inalainishwa na mazutu yenyewe. Mchanganyiko wenu unaikausha.

Ninyi wa mawe ya dhahabu mna adui mwingine. Vumbi la mawe meupe ni gumu kuliko chuma cha silinda. Likipita kwenye filta ya hewa iliyotoboka, linakula segma na ukuta wa silinda, pistoni inaanza kupiga, nanyi mnaniandikia habari za mlio. Filta ya bakuli la mafuta isafishwe kila jioni, na moteri isogezwe upande ambao upepo hauletei vumbi la mashine.

"Nilikaza bolti za kulasi kwa namba ya kitabu, 100, na bado inavuja." (Fundi kijana, Kasongo)

100 za nini? Vitabu vya Uingereza hutumia pauni-futi, na 100 za pauni-futi ni 136 za Nm. Vya zamani vya Kijapani huandika kilo-sentimita, na 1000 za hizo ni karibu Nm 98. Kama kitabu chako ni cha Uingereza, ulikaza Nm 100 palipotakiwa 136, kijana wangu. Fungua, tazama kama kulasi imepinda kwa kuilaza rula ya chuma juu yake, weka joini mpya, ukaze kwa hatua tatu kuanzia katikati kwenda pembeni, na uandike kipimo na herufi zake ukutani mwa gereji.