Dondoo muhimu: Ukoo wa seli au seli mbichi?

Chanjo ya Ebola iliyotolewa Beni na Butembo, nchini DRC, kuanzia 2018 huzalishwa katika seli za Vero, ukoo uliotokana na figo ya tumbili mwaka 1962 na unaozaana hadi leo. Kwa kuotesha virusi kwa wingi, ukoo kama huo unafaa. Andika kwenye kila chupa umeuhamisha mara ngapi, kwani ukizeeka hubadilika.

Ila usipimie kinga humo: Vero zimepoteza jeni za interferoni, ile protini ya kuonya seli jirani. Hapo tafuta seli mbichi za damu, yaani zilizotolewa mwilini moja kwa moja, kwa ridhaa ya mwenyewe, uzitumie upesi. Kwa mfano, dawa ya Ebola iitwayo mAb114, iliyojaribiwa Beni na Butembo, ilianzia katika seli za damu za mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995.