Mafunzo Niliyopata Nikiijaza Skana Masafa

Louisville, Kentucky, ni mji wa mto, wa reli na wa ndege za mizigo zinazotua usiku kucha. Waswahili tumejaa hapa: Wakongomani, Warundi, Wakenya, Watanzania, na wengi wetu tunakula jasho la zamu za usiku kule uwanja wa ndege, kwenye kituo kikuu cha UPS. Nyumbani kwangu ipo skana ya mkononi, Uniden BC125AT. Hairushi neno hata moja, inasikiliza tu. Ina chaneli 500 katika benki 10, kila benki chaneli 50. Ukipenda utaijaza kwa vidole, tarakimu baada ya tarakimu, lakini kwa kompyuta kazi ya siku nzima inakuwa ya jioni moja. Naandika kwa ajili ya ndugu wanaoniuliza waanzie wapi, nami jibu langu ni lile lile: kujaza ni rahisi, kazi ni kuchagua.

1. Soma kilichomo kabla hujaandika chako.

Skana hii huja na masafa yaliyojazwa kiwandani. Ukiichomeka kwenye kompyuta na kufungua programu yake, jambo la kwanza ni kuvuta kila kilichomo na kukihifadhi kama faili lenye tarehe. Programu inapoandika upya, huandika juu ya yaliyokuwepo. Faili lile la kwanza ndilo litakalokurudisha nyuma mambo yakivurugika.

2. Waya usiopeleka data hautakufikisha popote.

Kuna kebo za USB zilizotengenezwa kwa kuchajia tu. Skana itawaka taa, kompyuta haitaiona, nawe utailaumu programu bure. Tumia kebo iliyokuja na skana.

3. Orodha ya masafa ina safu mbili, ya kuingia na ya kutoka, na unayoitaka ni moja.

Watu wa zimamoto, wa teksi, wa redio ya ridhaa, mara nyingi hawasikilizani moja kwa moja. Redio ya mkononi hurusha kwenye masafa fulani; mtambo wa kurudufisha ulioko juu ya kilima au ghorofa huyapokea na kuyatoa tena kwa nguvu kwenye masafa mengine. Katika bendi ya mita 2 ya redio ya ridhaa, tofauti ya masafa hayo mawili kwa kawaida ni kilohezi 600. Katika bendi ya sentimita 70, ni megahezi 5. Kwenye skana weka yale ya mtambo kutoa, kwa kuwa ndiyo yanayosikika mji mzima. Yale ya kuingilia utayasikia tu kama msemaji yuko karibu nawe. Baadhi yetu huyaweka kwa makusudi katika benki ya pembeni, ili yakilia wajue kwamba gari la zimamoto liko mtaa huu huu.

4. Namba iliyo sahihi bado inaweza kukunyima sauti.

Programu ina safu ya modi: Auto, AM, FM, NFM. Ndege za kiraia huongea kwa AM, kati ya megahezi 118 na 137, na 121.5 ikiwa ya dharura. AM imebaki huko kwa sababu nzuri. Marubani wawili wakibonyeza kwa pamoja, mwongozaji husikia mluzi unaomwambia kuna mwingine chini yake. Katika FM mwenye nguvu humfunika mwenzake kabisa, na huyo aliyefunikwa huenda ndiye mwenye shida.

Kwa huduma za ardhini, Marekani iliamuru redio za biashara na za usalama chini ya megahezi 512 zipunguze upana wa chaneli kutoka kilohezi 25 hadi 12.5, mwisho ukiwa Januari 1, 2013. Kwa hiyo ukitumia orodha ya zamani iliyoandikwa FM, sauti itakuja chini, kama mtu anayeongea nyuma ya pazia. Badilisha iwe NFM, yaani FM nyembamba, atafunguka.

5. Kinachosema bila kunyamaza kipewe benki yake.

Hili ndilo funzo ninalolithamini kuliko yote. Redio ya hali ya hewa ya NOAA ina masafa saba nchi nzima: 162.400, 162.425, 162.450, 162.475, 162.500, 162.525 na 162.550. Inatangaza saa 24. Skana huruka kutoka chaneli hadi chaneli ikitafuta anayesema, na ikimpata hukaa naye mpaka anyamaze. Ukiiweka NOAA katikati ya zimamoto na reli, skana itaketi pale na haitasogea tena. Ndivyo ilivyo pia kwa kanda ya kiwanja cha ndege inayorudia hali ya upepo mchana kutwa. Vyote viwili naviweka benki ya 10, nayo naifunga mpaka nitakapoihitaji.

Na siku ya kuihitaji inakuja. Usiku wa Desemba 10, 2021, tonado ilibomoa sehemu kubwa ya mji wa Mayfield, magharibi mwa jimbo hili. Wengi wetu tumekulia mahali ambapo upepo hauchukui nyumba. Tunajua mvua, mafuriko, na waliotoka Goma wanajua volkano. Kabla ya tahadhari kubwa NOAA hupiga mlio mmoja mrefu wa hezi 1050, na skana hii inaweza kuachwa kimya iungoje huo tu. Maelezo yanayofuata ni ya Kiingereza cha haraka, tena sauti ya mashine. Jirani yangu, mama mmoja wa Bukavu, aliniuliza, "Baba, ile sauti inasema nini?" Nikamjibu, "Mama, usingoje kuielewa. Ukisikia mlio ule, chukua watoto mushuke chini ya nyumba, maneno tutatafsiri tukiwa huko." Nyumba ambayo wakubwa wake hawafuati Kiingereza inauhitaji mlio huo kuliko nyumba nyingine yoyote.

6. Majina yaandikwe kwa lugha ya wanaosikiliza.

Kila chaneli inapokea jina la herufi 16, nafasi zikihesabiwa. Kuandika jina kwa vitufe vya skana kunachosha, ndiyo maana watu huacha namba tupu. Kwenye kompyuta ni kuchapa tu. Kwangu chaneli ya tahadhari inaitwa HALI YA HEWA 475, nayo inajaa herufi 16 kamili. Nyingine ni MTO MANAHODHA, NDEGE DHARURA, RELI VIPIMO. Mtoto wa shule ya msingi akiishika skana anajua anasikia nini na amwambie bibi yake nini.

7. Anza na masafa ambayo hayabadiliki mji hadi mji.

Mtu akiwa mgeni hupoteza muda akiwinda masafa ya siri, na huku ya kawaida yamelala wazi. Chaneli 16 ya baharini, 156.800, ni ya wito na dharura hapa kama ilivyo Mombasa na Zanzibar. Kwenye mto Ohio naongeza chaneli 13, 156.650, ambako manahodha wa meli zinazosukuma matishari huelewana nani apite upande gani. Mto unapoteremka pale Falls of the Ohio, matishari hupitia malango ya McAlpine, na kusikia nahodha akipanga zamu ya kuingia, kwa sauti iliyotulia na mzigo wa maelfu ya tani mbele yake, ni somo la adabu ya kazi.

Reli za Marekani ziko kati ya 160.215 na 161.565, kila chaneli kilohezi 15 baada ya nyingine. Programu itakujazia mfululizo huo kwa kunakili jedwali. Ninachokipenda zaidi humo si mazungumzo ya madereva. Kando ya njia kuna vipimo vya mashine vinavyokagua magurudumu yenye joto na vitu vinavyoburuta. Treni ikishapita, mashine hutaja redioni jina la reli, alama ya maili, kama kuna hitilafu, na mara nyingi idadi ya ekseli. Ukisikia ekseli mia nne na ushee, basi unajua kivuko cha karibu kitafungwa kwa muda mrefu, na unapita njia nyingine kwenda kazini.

8. Polisi wasiwe sababu ya kununua.

Miji mingi imehamia mfumo wa dijitali wa P25, ambao BC125AT haiufungui. Utasikia mkoromo tu. Mingine imefunga mawasiliano kwa usimbaji, kama polisi wa Denver mwaka 2019, na hapo hakuna skana ya bei yoyote itakayosaidia. Angalia kwanza eneo lako linatumia nini.

9. Sheria inafuata jimbo.

Sheria ya mwaka 1986 ya Marekani inakataza kunasa simu za watu. Kuhusu gari, kila jimbo lina lake. Kentucky inakataza kutembea na kipokezi cha masafa ya polisi, isipokuwa kwa watu iliowataja, wakiwemo wenye leseni ya redio ya ridhaa. Kuwa nacho nyumbani ni ruhusa. Florida, Indiana na New York nazo zina masharti yake. Kwa mtu ambaye makaratasi yake ya uhamiaji bado yako mezani kwa ofisa, nasema bila kuzunguka: skana ikae nyumbani, karibu na dirisha, betri mbili za AA zikiwa mpya kabla ya msimu wa tonado.