Nani Anastahili Tuzo ya Afya ya Jamii? Maswali Kutoka Mwingi

Barua za safari hii zimetoka Mwingi, katika Kaunti ya Kitui, kuanzia mjini kwenye barabara kuu ya Thika kwenda Garissa hadi Kyuso na Tseikuru. Nyingi zinagusa jambo moja: namna ya kumpata mshindi halali wa tuzo ya uhamasishaji wa afya. Wameandika waliopendekeza watu, waliopendekezwa, na wanaoketi kwenye majopo ya majaji. Mimi nazitetea tuzo hizi kwa moyo wote. Tangu Rais William Ruto alipozindua wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 pale Uhuru Park, 25 Septemba 2023, kila mmoja amekabidhiwa takriban nyumba mia moja na kuahidiwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Mtu wa namna hiyo akisimamishwa mbele ya watu na kushukuriwa, ni haki yake. Ndiyo maana inauma sana tuzo ikimwendea asiyestahili.

Daktari, mimi ni mwanakamati wa wadi. Tumeletewa jina la muuguzi aliyezalisha akina mama wengi na la mhamasishaji anayezunguka nyumbani kwa watu. Tunawapimaje wawili hawa kwenye tuzo moja?

Msiwapime kwenye tuzo moja. Muuguzi huyo ana heshima yake, na mkiweza mtengeeni tuzo ya utoaji huduma. Kuhamasisha afya ni kuwawezesha watu washike hatamu za afya yao wenyewe. Ndivyo Mkataba wa Ottawa wa mwaka 1986 ulivyoeleza, na wajumbe wa mataifa wakalijadili upya jambo hilo hapa kwetu Nairobi, Oktoba 2009, katika mkutano wa saba wa dunia kuhusu uhamasishaji wa afya. Kwa hiyo jaji aulize: watu wanafanya nini sasa ambacho zamani hawakukifanya, na je, wataendelea kukifanya hata mhamasishaji huyu akihama?

Chukueni suala la mahindi. Mwaka 2004 sumukuvu, ile inayoitwa pia aflatoksini, iliwapata watu 317 na kuua 125, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui. Mahindi yenyewe yalikuwa ya shambani mwao, yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Aliyewakimbiza wagonjwa hospitalini mwaka ule aliokoa maisha, na Mungu ambariki. Lakini yuko pia aliyefundisha kijiji kuanika mahindi juu ya turubai badala ya udongo mtupu, kuyakausha sawasawa kabla ya kuyatia guniani, na kupanga magunia juu ya mbao, mbali na ukuta. Kazi ya huyu haina wa kuisimulia, kwa sababu hakuna aliyeugua.

Jaji aende kuitafuta kazi hiyo. Ingieni ghalani. Sogezeni gunia la chini kabisa mguse upande wake wa chini kama ni mkavu. Kisha mwulizeni mama mwenye nyumba, wala si mpendekezwa, kwa nini aliweka mbao pale. Akieleza kwa maneno yake, na mtoto wake wa gredi ya sita akadakia na kuongeza, basi mmepata ushahidi ambao barua ya kurasa kumi haiwezi kuwapa.

Nilimpendekeza mama mmoja wa huku Nguni kwa Kiswahili changu cha shule ya msingi. Aliyeshinda aliandikiwa na mtu wa ofisini, tena kwa Kiingereza kilichonyooka. Mimi mzee wa watu niendelee kujisumbua?

Endelea, mzee wangu. Lawama ni ya waandalizi. Tuzo ikiwa ya afya, ufundi wa kuandika usipewe hata alama moja. Jopo lipokee mapendekezo kwa Kikamba, kwa Kiswahili, hata kwa ujumbe wa sauti kupitia simu, kisha karani mmoja ayaandike yote kwa mpangilio unaofanana kabla hayajafika kwa majaji. Pasipofanyika hivyo, wanaoshindanishwa ni waandishi.

Nawe ukiandika tena, maneno kama "mchapakazi", "mwenye kujitolea" na "kielelezo chema" yafute. Yamo kwenye kila fomu na hayamsaidii mtu. Simulia nyumba moja, bila kuitaja jina. Usiseme anapenda watoto. Sema kwamba wakati wa ukame alimpima mtoto mkono kwa ule utepe wa rangi, ukasoma nyekundu, chini ya sentimita 11.5, akamsindikiza mama hadi zahanati, akawa anarudi kila wiki mpaka utepe ukafika kijani. Kisha sema kama mama huyo leo anajua kumpima mwanawe peke yake. Sentensi tano zinatosha.

Nina mapendekezo arobaini mezani na siku chache tu. Nianzie wapi?

Anza kwa kukataa siku chache. Ukikataliwa, fanya hivi.

Kila pendekezo lisomwe na majaji wawili, kila mmoja peke yake, na alama ziandikwe kabla ya mtu kufungua mdomo. Nimeona majopo ambako mkubwa akisema "huyu ni mzuri", kalamu zote zinamfuata. Alama zikipishana sana, hapo ndipo pa kuzungumza.

Wakibaki wachache, nenda kwenye daftari. Mhamasishaji ana kumbukumbu za ziara zake katika MOH 514, na siku hizi nyingi zimo pia kwenye simu aliyopewa. Lakini karatasi ninayoipenda zaidi ni MOH 100, fomu ya rufaa. Sehemu moja hujazwa na mhamasishaji anapomtuma mgonjwa kituoni. Nyingine hujazwa na mhudumu wa kituo anapomrudisha mgonjwa kijijini. Rufaa mia moja zenye sehemu ya kwanza pekee zinakuonyesha mtu anayeandika sana. Rufaa ishirini zilizojazwa pande zote zinakuonyesha watu ishirini waliofika, wakahudumiwa na kufuatiliwa.

Soma na sababu za rufaa. Kala-azar, kwa mfano, ni ugonjwa unaojulikana kwa miongo mingi katika sehemu kame za Kitui. Huletwa na kijidudu kidogo kuliko mbu, kinachojificha kwenye vichuguu, na usipotibiwa huua. Mtoto huja na homa isiyosikia dawa ya malaria. Ukikuta mhamasishaji ameandika "homa zaidi ya wiki mbili, tumbo limevimba upande wa kushoto", huyo hakuishia kumpa mama dawa na kumtakia heri. Alijua wengu huvimba, akajua kwamba zahanati ya karibu huenda isitoshe. Mstari mmoja kama huo kwangu una uzito kuliko picha ishirini za semina.

Mwisho nenda vijijini, na nyumba uzichague mwenyewe kutoka kwenye daftari. Mpendekezwa asikuongoze, maana atakupeleka kwa shangazi yake, ni ubinadamu. Chagua nyumba iliyo mbali kuliko zote. Mhamasishaji anayefika nyumba ya mwisho ng'ambo ya mto mkavu amefika kwingine kote.

Mimi natoka upande wa Tseikuru. Wenzetu wa Mwingi mjini wana namba kubwa kuliko zetu kila mwaka. Tutashinda lini?

Dada yangu, mtashinda siku majaji watakapoacha kulinganisha namba tupu. Mjini nyumba mia ziko mitaa michache, na Hospitali ya Mwingi Level 4 iko hapo hapo. Kwenu nyumba hizo hizo zimetawanyika, na kuzimaliza ni safari. Waliohudhuria mkutano wa afya mjini wakiwa mia mbili, na kwenu arobaini, ninyi ndio mnaoweza kuwa mmefanya kazi kubwa zaidi. Jaji aulize arobaini hao ni sehemu gani ya watu waliopo, na hali ilikuwaje mhamasishaji alipoanza.

Msimu nao uhesabiwe. Katika Kitui mvua ya kutegemewa ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Ukikagua vibuyu chirizi vya kunawia mikono Januari utakuta vina maji. Ukikagua Septemba, wakati mama anatembea saa nzima kutafuta mtungi mmoja, kibuyu kitupu hakimaanishi uzembe. Wote wakaguliwe msimu mmoja. Na mimi ningempa alama za ziada mhamasishaji ambaye Septemba bado nyumba zake zimeweka majivu kando ya choo.

Mmoja wa majaji wetu ni shemeji wa mpendekezwa. Mwakilishi wadi naye amepiga simu. Tufanyeje?

Shemeji atoke chumbani jina hilo linapojadiliwa, na iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba alitoka. Mwakilishi wadi ajibiwe kwa adabu kwamba naye anaruhusiwa kujaza fomu kama raia mwingine, na tarehe ya mwisho ni ile ile. Simu yenyewe itajwe mbele ya jopo zima. Siri ndiyo huipa simu kama hiyo nguvu.

Tuliambatisha picha za wagonjwa aliowasaidia, pamoja na majina na namba zao za simu, ili majaji waamini. Kuna ubaya?

Upo, tena mkubwa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti. Zaidi ya sheria kuna utu: yule kijana wa kifua kikuu au mama anayetumia dawa za HIV alimfungulia mhamasishaji mlango kwa sababu alimwamini. Akijiona kwenye ukumbi wa hafla, hatamfungulia tena, na jirani zake hawatamfungulia pia. Mimi nikiwa jaji, pendekezo lenye sura ya mgonjwa asiyetoa idhini nalirudisha likasafishwe, na kama mpendekezwa mwenyewe ndiye aliyepiga picha hizo na kuzisambaza, jina lake linaondoka. Wanaotaka kuthibitisha watapitia kwa afisa msimamizi wa wahamasishaji hao, ambaye atawaomba wenye nyumba ruhusa kwanza.

Je, tuzo iende kwa mtu mmoja au kwa kikundi? Kwetu kazi nyingi ni za mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi.

Inategemea kilichofanyika, na hapa majopo mengi hukosea. Mtu mmoja anaweza kustahili kabisa. Muuguzi Anna Qabale Duba wa Marsabit alishinda tuzo ya kwanza ya Aster Guardians, Dubai, Mei 2022, dola 250,000, na kilichomtofautisha ni kazi ya nje ya wodi: shule aliyoianzisha kijijini kwao, watoto na watu wazima wanakosoma, na vita vyake dhidi ya ukeketaji. Wazo lilikuwa lake.

Lakini vyoo vya kijiji kizima vikichimbwa na mwethya, akina mama wakibeba mawe na vijana wakichimba, halafu jukwaani akaitwa mwenyekiti peke yake, mmewatenga waliofanya kazi, na mwaka ujao hawatatoka. Tengeni tuzo ya kikundi. Zawadi yake iwe kitu cha kutumiwa na wote, kwa mfano tangi la maji.

Mimi ni mhamasishaji. Nimependekezwa mara kadhaa na sijawahi kushinda wala kuambiwa kwa nini. Sasa nimechoka.

Pole, mama. Wewe ndiye niliyemfikiria zaidi nilipokuwa nikijibu barua hizi. Kila anayependekezwa ana haki ya kuandikiwa mistari michache: hiki tumekipenda, hiki hatukukiona, hiki ulete safari ijayo. Ni kazi ya jioni moja kwa jopo. Nawasihi waandalizi wote wa Kitui na Makueni waifanye, na walipe posho kwanza kabla ya kukodisha hema na vipaza sauti.

Nanyi mliopokea huduma ya watu hawa, msingoje kamati ya wadi. Sheria ya Nishani za Kitaifa ipo tangu mwaka 2013, na mwananchi yeyote anaruhusiwa kupendekeza jina. Orodha ya wanaotunukiwa hutoka karibu na sikukuu ya Jamhuri, 12 Desemba. Mapendekezo hupokelewa mapema kuliko hapo, kwa hiyo aulizeni tarehe katika ofisi ya naibu kamishna wa kaunti iliyo karibu nanyi na mwandike sasa.