SUBIRA YA MWENYE GANZI

Ndugu yetu mmoja hufa ganzi nyayo, na usiku huona kama atambaliwa na sisimizi. Daktari amempima damu, na majibu bado hayajatoka. Jirani wamwambia: "Umekanyaga uchawi, nenda ukapigiwe ramli." Atuuliza, afanyeje katika kungojea huku?

Jawabu: Kwanza, kutojua sababu si dalili ya uchawi. Ganzi huletwa na mambo mengi: kisukari, upungufu wa vitamini B12, mshipa wa fahamu uliobanwa, hata ukoma, nao leo watibika. Kupambanua baina ya haya kwataka vipimo, na vipimo vyataka siku. Mpiga ramli hujibu upesi kwa kuwa hapimi kitu, na kumwendea tumekatazwa.

Pili, subira si kukaa bure. Mguu usiohisi haumwonyi mwenyewe. Basi asiende peku, hata msikitini. Maji ya moto ayapime kwa kiwiko kabla ya kutia miguu. Na kila usiku azitazame nyayo, kwani kidonda huweza kuingia pasi na maumivu. Aandike pia ganzi huanza lini na hupanda hadi wapi, amwonyeshe daktari.

Tatu, ganzi ikishuka ghafula upande mmoja, mdomo ukapinda au ulimi ukawa mzito, asingoje majibu. Na apelekwe hospitali saa ile ile, kwani huenda ikawa ni kiharusi.

Mwenyezi Mungu amponye, yeye na wagonjwa wetu wote. Amin.