Kutazama si Kuabudu

Tumeulizwa na ndugu yetu wa Malindi aliyesafiri Japani kununua magari, akapelekwa na wenyeji wake Kamakura kuona sanamu kubwa ya Budha: je, amepata dhambi?

Jawabu yetu ni hii. Sanamu hiyo ni ya shaba, ilianza kusubiwa mwaka 1252, na kimo chake chapita mita 11. Msafiri aliyeitazama kwa mazingatio, asiiname, asifukize udi wala asitoe sadaka mbele yake, hatumuoni kuwa na dhambi. Wala asiitukane, kwani Qur'ani imetukataza kutukana waabudiwao na wengine.

Lakini ndugu huyo ametwambia kwamba aliingia ndani ya sanamu, akaikuta ni tupu, akacheka. Sisi twamwambia: usicheke upesi. Nenda Mnarani, Kilifi, au Gede, penye kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijra (1399). Utaona wageni wasiokuwa Waislamu wakitazama, kisha wakenda zao. Na pwani hii hii yetu wako Waislamu wafukizao ubani makaburini, wakimwomba maiti mtoto na riziki. Basi ni yupi aliye karibu zaidi na shirki, mgeni atazamaye au mwenyeji aombaye?

Enyi ndugu, makaburi tuyazuru, tukumbuke mauti, na maiti tumwombee. Kumwombea ni sunna. Kumwomba ni msiba. Aombwaye ni Mmoja tu, naye yu hai, hafi.