Hedhi imefika siku ya tisa na naona giza, nivumilie?

KWAKO Shangazi,

Nina umri wa miaka 38, mama wa watoto watatu, na naishi Bulla Pesa hapa Isiolo. Mume wangu ni dereva wa lori. Huweza kumaliza wiki mbili kati ya Moyale na Mombasa. Mimi huuza maziwa ya ngamia sokoni.

Mwezi wa pili niliacha sindano ya kupanga uzazi. Hedhi ikapotea kwanza, kisha ikarudi kwa kishindo. Miezi mitatu sasa inakuja na mabonge. Navaa pedi mbili, juu yake kitambaa, na bado usiku naamka kubadilisha nisichafue godoro. Mwezi huu, leo ni siku ya tisa. Jana pedi niliyovaa sokoni saa mbili asubuhi ilikuwa imejaa kabla ya saa tatu. Nikabadilisha, ikajaa tena. Niliposimama kumpimia mteja maziwa nikaona giza, nikashika meza. Mteja akaniambia bila shaka nina mimba.

Mama mkwe anasema ni umri, tena ni damu chafu inatoka, nisiizuie. Anasema hata dini inakubali hadi siku 15, kwa hivyo bado nina siku sita. Wifi yangu anasema ni jicho la watu wa soko. Halafu siku hizi siwezi kukaa bila kutafuna odowa.

Naona aibu kwenda hospitalini nikute daktari mwanamume, na mume wangu hayupo wa kunipa ruhusa wala pesa. Je, nivumilie hadi ziishe, au niende? Nishauri.

Mama Watatu, Isiolo

JIBU

Mwanangu, barua yako ilinifikia kwa simu, na kwa simu hiyo hiyo nilikujibu kwa maneno mawili: nenda leo. Gazeti huchukua siku kuchapishwa na damu haingoji. Maelezo haya ni ya kukufafanulia kwa nini nilikuharakisha, na ya wanawake wengine ambao najua wanasoma huku wakijihesabia siku kama wewe.

Umeniuliza kama uvumilie. Wanawake wa Isiolo wamezoea kuvumilia: jua, foleni ya maji, mume aliye barabarani. Lakini uvumilivu haupimi damu. Mtu anaweza kuvumilia hadi dakika anapoanguka. Kwa hivyo weka uvumilivu kando, tushike vipimo vingine.

Hedhi ya kawaida, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, hutoa damu ya vijiko viwili au vitatu vya mezani. Ikipita vijiko vitano, yaani mililita 80 hivi, tayari ni nzito. Hakuna anayekinga damu kwa kijiko, ndiyo maana mwanamke hutumia alivyo navyo: pedi, saa na sarafu. Pedi ikilowa chepechepe ndani ya saa moja, na ya pili nayo vivyo hivyo, hiyo ni dharura, iwe mchana au usiku wa manane. Wewe hilo lilikupata jana sokoni. Bonge likizidi upana wa sarafu ya shilingi 20, hasa yakifuatana, damu imevuka mpaka. Anayetumia vitambaa badala ya pedi naye atazame saa: kitambaa kilichokunjwa vizuri kikivuja hadi kwenye nguo saa baada ya saa, asikifue akasubiri.

Kisha kuna mwili wenyewe. Kuona giza unaposimama, kuzirai, moyo kwenda mbio ilhali umekaa, pumzi kukatika kwa mwendo wa kutoka jikoni hadi mlangoni, kifua kuuma, jasho baridi. Moja tu kati ya dalili hizi ikikutana na damu nyingi, hesabu ya pedi imekwisha. Ondoka.

Na hilo jiwe la odowa unalotafuna si uroho. Hamu ya mawe, udongo au barafu ni dalili inayojulikana ya mwili kuishiwa madini ya chuma, ambayo damu mpya haitengenezwi bila hayo. Akiba yake hushuka kama maji kwenye tangi la juu ya nyumba: mfereji unaendelea kutoa vizuri, huoni lolote, hadi siku mfereji unapokohoa hewa. Miezi mitatu ya mabonge imelipunguza tangi lako, na giza uliloliona jana ndiyo hewa ya mferejini.

Sasa huyo mteja wako. Alikisia tu, lakini usimpuuze. Ni kweli kwamba baada ya kuacha sindano hedhi huchukua miezi kabla ya kutulia. Ni kweli pia kwamba mwanamke aliyeacha sindano anaweza kushika mimba kabla hedhi haijakaa sawa, na kudhani mimba inayoharibika ni hedhi iliyochelewa. Mbaya zaidi ni mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi. Hiyo inaweza kutoa damu kidogo nje huku nyingi ikivujia tumboni, na dalili yake ni maumivu makali upande mmoja chini ya kitovu, pengine yakipanda hadi ncha ya bega. Kwa hivyo kipimo cha mkojo ni cha lazima, hata kama una hakika huna mimba. Na yeyote mwenye mimba inayojulikana anayetoka damu nyingi, au aliyejifungua karibuni, asihesabu pedi hata moja, aende.

Mama mkwe wako sitamvunjia heshima, maana kuhusu umri hajakosea kabisa. Karibu na miaka 40 homoni huanza kuyumba, na hedhi huweza kubadilika. Lakini umri hautoshi kuwa jibu mpaka mengine yachunguzwe. Yapo mengi: uvimbe kwenye mfuko wa uzazi, ule watu huita faibroidi, vinyama vidogo ndani ya kizazi, koili ya shaba, matatizo ya tezi ya shingoni, dawa za kuyeyusha damu, na mara chache, saratani. Damu chafu haimo katika orodha hiyo. Inayotoka ni damu ile ile inayopita moyoni mwako, na kuizuia isimwagike ovyo hakukudhuru. Ama jicho, kama wifi anataka kukusomea, akusomee mkiwa njiani.

Hizo siku 15 ndizo zinazonitia hofu, kwa sababu nimezisikia kwa wengi. Ni kweli kwamba katika madhehebu ya Shafi, ambayo Waislamu wengi wa Isiolo na wa pwani huyafuata, hedhi haizidi siku 15, na damu inayopita hapo ni istihadha, si hedhi tena. Lakini mpaka huo umewekwa ili mwanamke ajue lini aswali na lini afunge. Haukuwekwa kumwambia ni damu kiasi gani anaweza kumwaga akabaki salama. Mtu anaweza kufa siku ya tatu akiwa bado ndani ya hedhi kisheria. Na tukumbuke aliyeuliza suala hili zamani: Fatma bint Abi Hubaysh alimwendea Mtume akamweleza waziwazi kwamba damu yake haikatiki, naye akamjibu kwamba huo ni mshipa, si hedhi. Hakuna aliyemwambia aone aibu. Mficha uchi hazai, mwanangu, na bibi huyo hakuficha.

Wewe uko Bulla Pesa, hospitali ya rufaa ya kaunti iko mji huo huo. Msomaji aliye Merti, Sericho au Oldonyiro hana bahati hiyo. Gari halipatikani kila saa, na mvua ikinyesha barabara hukatika. Kwa hivyo aliye mbali asingoje dalili zile zile anazongoja wa mjini. Hedhi ikipita siku saba, au mabonge yakianza kuja huku jioni inaingia, aanze kutafuta gari wakati bado anaweza kusimama, au afike kituo cha afya kilicho karibu wampeleke mbele. Mwenye safari ndefu huondoka mapema.

Wa kuona daktari wiki hii, bila kukimbizwa usiku, ni yule asiye na kizunguzungu wala pedi za kila saa, lakini hedhi yake inapita siku saba, au anavaa pedi mbili pamoja, au anaamka usiku kubadilisha. Mwingine ni anayetokwa na damu katikati ya mwezi au baada ya tendo la ndoa. Na aliyekwisha kukoma hedhi mwaka mzima kisha akaona hata tone, asifurahi kwamba ujana umerudi, aende akachunguzwe.

Nawe kama una binti, mtazame. Mwaka 1926 daktari wa Finland, Erik von Willebrand, aliandika kuhusu familia moja ya visiwa vya Åland ambayo damu yao haikuganda sawasawa. Msichana aliyeletwa kwake akiwa na miaka mitano alikuja kufa na miaka 13, katika hedhi yake ya nne. Ugonjwa huo leo unaitwa kwa jina la daktari huyo, na una dawa. Binti anayetoka damu nyingi tangu hedhi ya kwanza, anayetokwa na damu puani mara kwa mara, au aliyeng'olewa jino damu ikawa shida kukatika, asiambiwe kwamba atazoea.

Hospitalini utapimwa presha na mapigo ya moyo, utatobolewa kidole kupima wingi wa damu, na mkojo kuangalia mimba. Kwa mwanamke asiye mjamzito kipimo cha damu hutakiwa kufika 12. Chini ya 8 ni upungufu mkali. Picha ya tumbo hupigwa kwa kifaa kinachopitishwa juu ya ngozi. Kuna dripu, kuna vidonge vya kupunguza damu, na ikibidi kuna kuongezewa damu, kwa hivyo waambie ndugu wajiandae kuchangia. Ukikuta daktari mwanamume, una haki ya kuomba muuguzi wa kike awepo, au akuchunguze yeye akipatikana. Usiseme tu "natoka damu sana". Sema: siku ya tisa, pedi mbili ndani ya saa mbili, mabonge, niliona giza, niliacha sindano mwezi wa pili. Maneno hayo yatakuondoa kwenye benchi la kusubiri.

Kuhusu ruhusa: mpigie mume wako, lakini mpigie kumpa habari. Wewe ni mtu mzima, na saini ya matibabu yako ni yako. Mume anayekupenda atataka kusikia uko hospitalini kuliko kusikia uliangukia sokoni. Kuhusu pesa: Kifungu cha 43(2) cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Beba kitambulisho, na kama umejisajili na mamlaka ya bima ya afya, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, wajulishe mapema. Usipande bodaboda, anayeona giza huanguka. Tafuta gari, na mtu wa kukaa nawe kiti cha nyuma.

Kuna tahadhari moja kabla hujatoka: usimeze kidonge chochote cha kichwa bila kusoma pakiti. Vingi vinavyouzwa madukani vina aspirini, na aspirini huongeza kutoka damu.

Ukirudi nyumbani utapewa vidonge vya madini ya chuma, na hapo ndipo wengi huharibu, kwa sababu sisi ni watu wa chai ya maziwa. Chai na maziwa, ya ng'ombe au ya ngamia, huzuia madini hayo kuingia mwilini. Meza kidonge kwa maji au maji ya machungwa, chai ngoja saa mbili. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke. Maini na nyama nyekundu husaidia, na mji wenu haukosi mbuzi, lakini upungufu mkubwa hautibiwi kwa sahani. Vidonge humezwa kwa miezi, hata baada ya nguvu kurudi.

Mwisho, mwombe mama mkwe mwenyewe akusindikize. Akae pale daktari anapouliza, asikie kipimo kikisomwa kwa sauti. Huenda naye alivumilia mengi ambayo hakuna aliyemuuliza, na katika ukoo huo kuna mabinti watakaomkimbilia yeye kwanza, kabla ya kuniandikia mimi. Ni heri awajue wa kuwaambia "ngoja" na wa kuwaambia "vaa viatu twende".

Shangazi