Dawa Nne, Chungu Kimoja

Muhula uliopita nilishikwa na mafua, nikachanganya vidonge na majani kwa kubahatisha. Moyo ukanienda mbio hata nikalazwa. Ndipo nikajifunza utaratibu wa Wachina.

Zhang Zhongjing, tabibu wa mwishoni mwa karne ya 2 na mwanzoni mwa karne ya 3, aliandika dawa ya homa ya baridi isiyotoa jasho. Mmea wa mahuang huitwa mfalme: huleta jasho. Vijiti vya mdalasini ni waziri, humwongezea nguvu. Viini vya kokwa za aprikoti, msaidizi, hutuliza kikohozi. Urukususu, mjumbe, huwapatanisha. Mahuang huchemshwa kwanza, povu likaenguliwa, ndipo wenzake wakatiwa.

Lakini mahuang ikizidi huudhuru moyo, na viini vile vikizidi ni sumu. Basi wenzangu, tusichanganye dawa pasipo kumwuliza mganga ajuaye kipimo.